Santuri Tano na Mkono wa Athumani

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imeacha matope tu, joto liko pale pale. Mikono yangu haina hata mchubuko.

Nilipanga leo niandike kuhusu muziki. Kwa wiki mbili nimebishana na wenzangu chumba cha habari kuhusu santuri ipi ni bora kati ya tano nilizonazo za ile bendi ya Waingereza, nilizonunua mojamoja kwa baharia wa bandarini. Nilikwishaamua. Inayoongoza ni ile ya jalada jekundu: ngoma zinaingia hujakaa sawasawa, gitaa linafuata kama mtu anavunja mlango. Nyuma yake ni ile waliyorekodi jukwaani, watu wakipiga kelele mpaka mwimbaji hasikiki. Mbili za mwanzo zina haraka ya ujana. Ya mwisho ni ya polepole na siipendi, ila siwezi kuitoa. Napenda muziki unaopiga. Nimesema hivyo mara nyingi, kwa majivuno.

Leo nimesikia kinachopiga kweli.

Athumani ni fundi redio, mtu wa Lindi, ana meza yake barazani mtaa wa pili. Gramafoni yangu iko kwake tangu Jumatatu. Mafundi wa hapa hawarudishi gramafoni bila kuijaribu kwa santuri za mwenyewe, kwa sababu mwenyewe ndiye anayejua zinavyotakiwa kusikika. Kwa hiyo nilimwambia siku ile ile: ufunguo uko juu ya fremu ya mlango, ukimaliza pita ujichukulie.

Halafu nikasahau. Wiki nzima nilikuwa mahakamani nikifuatilia kesi ya mauaji.

Leo saa tano nilirudi nyumbani nikakuta sanduku la santuri tupu. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Nguo zipo, saa ya mezani ipo. Ingekuwa habari ya mtu mwingine ningeuliza maswali matano kabla ya kuandika neno. Kwa ya kwangu sikuuliza hata moja. Nilitoka uani nikamwambia Bi Zuhura, mwenye nyumba: "Nimeibiwa."

Miaka kumi na minne ya kazi hii sijawahi kumwita mtu mwizi kabla ya hukumu.

Bi Zuhura alipiga ukelele. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, alikuwa kwenye foleni ya sabuni mbele ya duka la ushirika. Akapuliza filimbi. Filimbi ya balozi ikilia, kila nyumba hutoa mtu, na asiyetoka huulizwa baadaye alikuwa wapi. Kuna pia desturi nyingine, isiyosemwa mikutanoni: kila aliyetoka apige angalau mara moja, asibaki msafi wa kwenda kuwatolea ushahidi wenzake. Foleni nzima ikageuka.

Athumani alikuwa hajafika hata kona, santuri tano kwapani.

Nilipofika walikuwa wameshamwangusha. Nilisikia kabla ya kuona: mti ukigonga nyama, sauti fupi na nzito. Mzee Mwinshehe alikuwa amemkanyaga kiganja cha kulia. Kondo, muuza nazi, akakipiga kwa mchi, mara tatu, bila haraka. Vidole vikapinda upande usio wake. Bi Zuhura aliokota kipande cha santuri iliyovunjika akamchana nacho kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni. Ilikuwa ile ya jalada jekundu.

Niandike na hili, maana sijamwambia mtu. Nilihesabu santuri kabla ya kumtambua mtu aliyelala chini. Mbili zimevunjika, tatu nzima. Ndipo nikauona uso.

Kondo akanipa mchi. "Haya, mwandishi. Mali yako, malizia wewe."

"Leo hatusomi gazeti, tunaliandika wenyewe!" mtu mmoja akasema nyuma yangu, na watu wakacheka.

Athumani akainua kichwa. "Kaka," alisema, damu imejaa mdomoni, "si ulisema nichukue?"

Nikasema kweli, ni fundi wangu, nilimwambia mimi. Kicheko kikakatika.

"Sasa ulisema umeibiwa kwa nini?" Kondo akauliza.

Akaninyang'anya mchi wake, akaondoka. Dakika mbili baadaye foleni ilikuwa imerudi, kila mtu nyuma ya yule aliyemtangulia.

Nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari amesema ataishi, ila mkono ule hautashika tena bisibisi.

Saa kumi na mbili jioni Mzee Mwinshehe alikuja chumbani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Polisi watakuja kesho, mwanangu. Nyumba zote zimekubaliana. Alikutwa na mali, akakosa maelezo, akakimbia."

"Hakukimbia, mzee."

"Alikimbia. Atapewa miezi michache, atarudi kwao Lindi. Sisi wangapi? Yeye mmoja, na si wa hapa." Akasimama. "Wewe unaishi hapa."

Hakuwa na hasira. Alizungumza nami kama mtu anayepanga zamu za ulinzi.

Alivyotoka tu nikaanza kuandika maelezo ya polisi. Yamechukua ukurasa mmoja. Jina linalotangulia ni langu, kwa sababu kipigo kilianza na neno langu. Linafuata la balozi, kisha la Kondo, na kila mmoja na alichofanya, kwa mkono au kwa mguu. Nimesema wazi kwamba Athumani alichukua alichoruhusiwa kuchukua. Kesho saa moja asubuhi nitayafikisha kituoni, kabla polisi hawajafika mtaani na kupewa maelezo yale mengine. Nguo zangu nimeshazifunga furushi. Baada ya kesho sitaweza kulala nyumba hii.

Sasa hivi Bi Zuhura ameingia na sahani ya wali, kama kila Jumamosi. Ameliona furushi, ameiona karatasi.

"Na mimi umeniandika?"

"Ndiyo, mama."

Ameiweka sahani mezani, akaifunika isiingie nzi, akatoka.