Kucha za Mama

Kaka,

Leo sina salamu. Barua yako nimeisoma, kurasa nne nzima za manung'uniko. Una nyumba ya ghorofa, mke mwema, watoto wazima, cheo cha kufunguliwa mlango, halafu unaniuliza mimi, fundi cherehani, umeumbwa kwa kazi gani? Usinichefue.

Huku hatujambo. Paka kazaa ndani ya kapu langu la vitambaa.

Mama macho yamekwisha. Muuguzi uliyemleta kamtimua, na mimi hataki nimguse miguu. Kucha zimerefuka mpaka zinamchoma, lakini anasema, "Mkataji wangu ni mwanangu, tangu ana miaka saba. Nitamngoja." Mwezi wa tatu huu anangoja.

Basi kazi ndiyo hiyo, bwana mkubwa. Wembe upo. Salamu utazikuta hapa.

Dadako