Miaka ya Tunduni

Mume wangu, Baba Zuhura,

Ungekuwapo ungenikataza kuandika barua ndefu, kwa hiyo nakuambia mapema: leo utanivumilia. Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa nguo ya rangi, nimetoka mpaka getini, na sikuwa na mtu wa kumwambia "nimetoka" ila wewe.

Zuhura anataka nibaki hapa kwake Raskazone. Anasema presha yangu haitaki jembe, na kule Tongoni nikianguka nani atanisikia? Mwanao kasema kweli tupu, na hiyo ndiyo shida yenyewe, maana mimi nataka kurudi kwetu. Tangu nianze kulifikiria jambo hili sikumbuki kingine ila wale chiriku wako.

Makinda mawili ya kiota kimoja, yaliyoangushwa na kunguru nyuma ya jiko letu. Uliyalisha mtama ulioutafuna mwenyewe mpaka yakaota mabawa, kisha ukataka yote yakae tunduni. Nikasema la, mmoja aende zake. Tukabishana wee, mwisho ukamfunga mmoja uzi mwekundu mguuni, uzi wangu wa kushonea, ukamwachia. Ukasema tutaona nani atazeeka.

Yule wa uzi alikuwa akija kudonoa mtama uani, nami nikikutambia. Masika yalipokwisha hakuja tena. Wa tunduni akaishi mpaka nikamchoka, manyoya yakapauka, sauti ikamkauka, akafa mzee. Ukanisimanga msimu mzima.

"Umeona, Mama Zuhura? Tundu limempa miaka."

"Na yule mwingine umemzika wewe?"

"Haonekani."

"Kutoonekana si kufa. Labda kaoa Pangani."

Halafu redio ikatuharibia ubishi. Mtaalamu mmoja akaeleza kuwa viumbe wadogo, ndege na panya, aghalabu huishi zaidi wakifugwa, maana mwewe hawafikii na njaa hawaijui. Lakini tembo akifungwa, umri wake hupungua. Ukatafuna tambuu yako, kisha ukauliza, "Sasa sisi ni wa kundi lipi?" Nikakujibu wewe ni panya. Tulicheka hadi jirani akachungulia.

Figo zako zilipoanza kugoma, Zuhura akatuleta hapa. Madirisha yana nondo, geti lina mlinzi, chakula hakina chumvi, daktari yuko karibu. Kila mtu alidhani hufiki Ramadhani. Ukafika, ukaivuka, ukaona na nyingine. Asubuhi nikikuletea uji ulikuwa ukifungua jicho moja tu: "Panya wako yu hai." Nami nikijifanya natafuta kijiko ili usinione nalia.

Kwa hiyo siwezi kulitukana tundu. Wallahi siwezi. Lilinipa wewe kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ungebaki Tongoni ningekuzika mapema, hilo nalijua. Ila nalijua na jingine. Kila siku uliniuliza kama mtama wetu umeiva, nikikujibu bado, mume wangu, bado, na kumbe watu walishauvuna zamani. Sikutaka uanze kuulizia viatu vyako urudi shamba.

Nina hamu nawe, Baba Zuhura. Nina hamu hata na kikohozi chako, hata na yale mate ya tambuu niliyokuwa nikikugombezea. Nyumba hii ni nzuri na mwanetu ananipenda. Akija kunipima presha, hurudia kipimo mara mbili. Watoto wake wananisalimu shikamoo kila wanapopita mlangoni, hata mara tatu kwa asubuhi moja, basi najibu marahaba, marahaba, mchana unaisha.

Jana nilimwambia Zuhura kuwa Jumamosi narudi Tongoni. Alilia kama alivyolia siku ulipooshwa.

"Mama, hapa utaishi sana."

"Najua, mwanangu," nikamwambia, nikamfuta uso kwa upande wa leso yangu.

Yaliyobaki sikumwambia, maana ni mtoto wetu na yangemuumiza. Nakuambia wewe. Miaka ya hapa niliitaka kwa sababu ulikuwemo. Sasa ni mirefu tu.

Mungu akupanulie kaburi lako, mume wangu, akutilie na upepo.

Mkeo,
Mama Zuhura