Pigo la Saba

Kambi ya filamu, Kimulot
5 Februari 2024

Pacha wangu Opiyo,

Misawa! Bado nasalimu kwa Kijaluo chenu na bado nakikosea. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku karibu na msitu inauma kuliko ya kwetu. Mama Molly anaendeleaje na mgongo? Mwambie asijaze kikapu cha majani ya chai mpaka juu, ingawa najua hatasikia. Na ukimwona mama yangu ng'ambo ya mtaro, msalimie, mwambie nakula vizuri.

Usishangae kuona karatasi. Getini wanatunyang'anya simu ili picha za filamu zisitoke nje. Barua hii anakuletea Gibson, yule wa maziwa, anayeingia kambini kila Jumatatu.

Kazi nimeipata kweli. Mwalimu wa upanga ni mimi! Nina waigizaji ishirini na wawili, na nyota wao anashika upanga kama anapalilia mahindi. Mbao zikigongana tu, anafumba macho. Nimeshawafundisha kusimama, kukinga na kuanguka bila kuumia. Sasa mwongozaji anataka pigano moja kubwa la mwisho. Nikamwambia lipo, tumelitengeneza sisi wawili miaka sita ndani ya mistari ya chai. Macho yakamtoka.

Shida ni kwamba nikiwa peke yangu nachanganyikiwa kuanzia pigo la tano. Mwenye kuhesabu ulikuwa wewe. Niandikie yote kumi na moja, nimpelekee yakiwa na jina lako juu. Akiyaona atakuita. Si tuliahidiana, tulipoanza kuitana pacha, kwamba atakayeingia kwanza atamvuta mwenzake? Kaa tayari.

Pacha wako,
Kipngeno


Laini Namba Nne, Kericho
11 Februari 2024

Pacha wangu Kipngeno,

Chamgei! Mimi angalau ya kwenu naitamka sawa. Huku ni wazima. Mama anasema, "Huyo kijana aachane na kikapu changu, aniletee sukari." Mama yako nimemsalimia. Ameuliza kama hizo panga ni za kweli, nikamwambia ni mbao tu.

Sikiza habari. Kiwandani walitaka nitie sahihi mkataba mwingine wa mwaka mzima, kule chumba cha kukaushia majani. Nimekataa. Wenzangu wamenicheka mpaka wakachoka, lakini nitajifungaje mwaka mzima na wewe umesema nikae tayari?

Pigano nimekuandikia lote kwenye karatasi ya pili. Ila mawili nayarudia hapa, usije ukayaharibu.

La tatu ni la Mama. Upanga unapita juu ya bega hadi mgongoni halafu unarudi, na anayepiga hageuki kuangalia. Ndivyo anavyotupa majani kikapuni, miaka ishirini na minne sasa, na hajawahi kukikosa. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Sisi tulikuwa na mstari mwembamba, hatukuwa na nafasi ya kutanua mikono kama tai.

La saba ndilo la hatari. Zamani anayeshambuliwa alikuwa anaruka. Julai ile ya 2022 ulipiga kabla sijamaliza kuhesabu, na goti langu unalijua lilivyoishia. Tangu siku hiyo haturuki. Anayeshambuliwa anaburuta mguu wa kushoto nyuma, nusu hatua. Usikubali mtu aruke, hata akikuomba.

Mama mpaka leo anajua nilianguka kwenye mtaro wa kiwanda. Uchaguzi ulikuwa wiki tatu mbele na laini yetu nzima ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa imetega masikio. Nani angeamini tulikuwa tunacheza? Wangesema Mkipsigis amemvunja Mjaluo mguu, na kesho yake sijui tungeamkia nini. Sijuti. Nakukumbusha tu ili mtoto wa mtu asiumie.

Begi langu liko tayari mlangoni.

Pacha wako,
Opiyo


Kimulot
18 Machi 2024

Ndugu Opiyo,

Habari ya siku nyingi? Natumaini nyote hamjambo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenimeza.

Mwongozaji amelipenda pigano kuliko nilivyotarajia. Waigizaji wanalifanya asubuhi na jioni, hata nyota sasa anafungua macho.

Kuhusu wewe, mambo yamekuwa magumu. Waliuliza kama una afya ya kazi hii, kwa sababu ya bima. Sikuweza kuwadanganya. Niliwaambia goti lako la kushoto halikunji vizuri. Wakasema basi, hawachukui mwalimu aliyeumia. Usinielewe vibaya, nilijaribu.

Kuna kitu kimoja. Pigo la kumi linanishinda. Mkono wa kushoto unakaa wapi? Nijibu kwa Gibson Jumatatu, maana Alhamisi tunapiga picha.

Ndugu yako,
Kipngeno


Kericho
24 Machi 2024

Kipngeno,

Salamu. Sisi tupo.

Hukuweza kudanganya? Wewe? Nilipolala na plasta mguu mzima, ni nani aliyeniletea uji na kunisihi nisimtaje? Tulidanganya pamoja, tena tukadanganya vizuri. Leo goti ulilolivunja wewe ndilo unalonifungia mlango. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanazungumzia watu wengine.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitaka kukuandikia pigo la kumi la uongo. Ungeaibika mbele ya kamera na mimi ningelala usingizi mtamu. Lakini upanga ungemshukia begani mtu ambaye hajanikosea kitu. Basi, mkono wa kushoto unabaki kifuani, ngumi imefungwa, mpaka mwenzako apige goti chini. Huo ni ukweli.

Kiwandani wameshachukua mtu mwingine. Huko kambini sitaki tena kuja. Nina ombi moja tu. Pale mwisho majina yanapopita, weka jina la Mama kwa ajili ya lile pigo la tatu. Molly Ajwang'. Hata kwa herufi ndogo. Nimemwambia litakuwepo.

Opiyo


Kimulot
1 Aprili 2024

Ndugu Opiyo,

Nimepata, asante. La kumi limekaa sawa. Jina la Mama nimelisikia, usiwe na wasiwasi. Nitapita nyumbani nikitoka kambini.

Kipngeno


Kericho
15 Septemba 2025

Kipngeno,

Afya yako sikuulizi, nimeiona Jumamosi kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Umenenepa, na suti imekukaa. Umetoka kambini mwaka jana na kwetu hujapita.

Kabla ya filamu walionyesha mahojiano yako. Umesema lile pigo la begani ulilirithi kwa babu yako aliyekuwa shujaa wa vita. Babu yako alikuwa fundi wa baiskeli kule Ndanai! Breki zangu alinitengenezea mwenyewe. Mzee wa watu, amekufa hajui kama aliwahi kupigana.

Pigo la tatu lilipofika, Mama aliinua mkono wa kulia palepale kwenye kiti, akautupa begani. Akanong'ona, "Hii si yangu?" Nikamwambia ni yake. Akakaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa mbele.

Likaja la saba. Jeshi zima, watu ishirini na wawili, wanaburuta mguu wa kushoto. Ulinakili karatasi yangu mpaka kuchechemea kwangu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama hakupiga. Aliangalia ule upanga unavyoshuka, kisha akaangalia goti langu.

Majina yalipoanza kupita hakukubali tuondoke. Alivaa miwani, akanifanya nimsomee yote, mpaka wapishi. Gibson yupo, wa maziwa! Lake halipo. Taa zikawashwa, akavua miwani taratibu, akaniuliza jambo moja tu.

"Opiyo, wewe ulianguka mtaroni kweli?"

Nilikuficha miaka mitatu, Kipngeno. Nikamwambia.

Jumapili alivuka mtaro peke yake kwenda kwa mama yako. Nilikaa mlangoni roho mkononi, nikisubiri kelele ambazo nilidanganya ili zisije. Hazikuja. Saa kumi walirudi wote wawili, mama yako, Mama Chepchirchir, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando. Alipiga magoti hapa kwenye saruji yetu, akashika goti langu kwa mikono miwili, akalia mpaka mimi nikalia. Hakuna jirani aliyeshika rungu. Mmoja alileta kiti.

Imeniuma hiyo kuliko filamu. Niliwaogopa watu hawa wote kwa ajili yako, na kati yao wote wewe peke yako ndiye uliyeniumiza.

Mama yako amenituma nikuandikie hivi. Ukirudi, kwake usiingie kabla hujapita kwetu. Mama yangu hakuongeza neno, isipokuwa uje mchana, laini nzima ikiona.

Phelix Opiyo,
mwana wa Molly Ajwang'