Kilo Moja ya Sukari

Igowole, Alhamisi

Bosi kasema niache maswali, kazi yangu ni kuchapa tu.

Basi nimechapa hiyo ankara. Kwenye karatasi, chai yote ya kiwanda tumewauzia wenzetu wa kampuni dada, kwenye kisiwa fulani cha mbali, kwa bei ya kutupa. Huko halitafika hata gunia moja. Meli inaipeleka kwingine, wao wanaiuza kwa bei yake halisi, na faida inabaki kisiwani ambako hakuna kodi. Huku Mufindi tunaandika hasara, kama kila mwaka, na hasara haitozwi kitu.

Narudi jioni nakuta duka la Mama Upendo limepigwa kufuli. Mwenyewe kakaa nje juu ya ndoo, kajitanda kitenge. Watu wa kodi wamempiga faini kwa kuuza kilo moja ya sukari bila risiti. Faini yenyewe, hata akiuza duka zima...

Nikamwambia pole, Mama.

"Walikuwa kwenye gari pale ng'ambo, wakakuona asubuhi unatoka na sukari," akasema taratibu. "Si nilikuambia subiri mashine ya risiti iwake, mwanangu? Ukasema unachelewa kazini."

Kweli nilikuwa nachelewa. Nilikuwa nawahi ile ankara.