Dume la Nyanjige

Jumanne, 22 Agosti 1995

Mjukuu wangu Nyanjige karudi likizo kutoka chuo kikuu. Kafeli somo moja, mwezi ujao anarudia mtihani. Na vitu anavijua! Jana kanieleza habari za funza wa pamba mpaka mimi, bingwa wa pamba Bariadi nzima, nikamwomba arudie. Ila kwenye chumba cha mtihani mikono inatetemeka, kichwa kinabaki kitupu.

Nikamwambia: mke wangu, mimi nilicheza ngoma na chatu shingoni, sikutetemeka. Akasema: Guku, babu yangu, wewe ulimwona chatu tu. Mimi nikisoma swali naona ukoo mzima.

Alhamisi, 24 Agosti

Mwanangu Mayala, baba yake, Jumamosi anachinja dume jekundu. Ukoo umuage msomi wetu. Nyanjige kasikia — ugali kauacha.

Nikamwambia Mayala asubiri. Kakataa, eti safari bila nyama ni mkosi. Kichwa kigumu kama cha mama yake.

Kesho alfajiri dume linakwenda Shishiyu kwa dada yangu Minza. Hakuna dume, hakuna karamu.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimekamatwa na sungusungu. Mayala kakuta zizi lina pengo, kapiga mwano, yowe la wizi, kijiji kizima kikatoka na marungu. Mbio niliwashinda vijana wote. Dume ndilo lililochoka.

Wakanikalisha chini. Mahona, mkuu wao, anauliza: mzee, unaibaje ng'ombe wa nyumbani kwako? Nikaanza kusimulia kwamba nilikuwa namfukuza fisi. Wakacheka.

Nyanjige akasimama. Mahona anauliza, yeye anajibu. Wakamzonga huku na huku, anajibu tu. Mwisho akamgeukia baba yake: Guku kaficha dume kwa ajili yangu. Nyama mnayonilisha naiona kwenye karatasi ya mtihani. Nikifeli, nitairudishaje?

Mayala anatazama miguu yake.

Mimi natazama mikono ya mtoto. Imetulia.

Jumapili, 27 Agosti

Faini yangu ikawa dume lile lile. Jana sungusungu wamelichinja, ukoo umekula nao. Nyama ya mwizi, si ya msomi! Nyanjige kala mpaka kalamba vidole. Roho yangu nyeupe.

Leo tumemsindikiza stendi. Mayala alitaka kutoa hotuba, nikamkanyaga mguu. Nyanjige akauliza dirishani: Guku, na nikifeli tena? Nikasema: rudi nyumbani, mwizi anahitaji mke wa kumsemea. Basi likaondoka anacheka.

Tukirudi, Mayala kaanza kusifia dume jeupe. Eti la kumpokelea.

Nimemwambia alifunge vizuri. Mwizi bado yuko kijijini.