Padri, Mama na kasha lenye matundu

Latifa, kompyuta yangu imekufa. Ile tuliyoichagua kwa miezi minne. Imekufa mbele ya Padri.

Ulinishauri nichukue kasha la kompyuta lililofunikwa juu. Nikabisha, nikasema joto la mjini Moro linataka matundu, la sivyo kadi ya grafiki itaungua. Sasa sikia.

Nimeileta kijijini Matombo, Mama aione. Akamwita Padri aibariki, kama alivyobariki cherehani yake. Mama akasema, "Iwashe, mwanangu, asibariki kitu kilicholala." Nikaiwasha. Taa zote zile za rangi zikawaka, shangazi zangu wakapiga vigelegele.

Padri akanyunyiza. Maji yakaingia juu, kwenye matundu niliyoyachagua mwenyewe. Ikalia "tss", ikazima.

Mama akasema, "Imepokea."

Imepokea, Latifa. Na Jumatatu naanza kazi shuleni, na ule mchezo wa hesabu niliowaahidi watoto umo humo humo.

Nimeshindwa kumwambia Mama ukweli, alivyofurahi. Nimejaribu kuiwasha mara tatu, haitaki. Akanishika bega: "Usihuzunike, mwanangu. Maji yalikuwa machache."

Sasa hivi ametoka kumfuata Padri. Amebeba ndoo.