Mkanda wa Baba

Area C,
S.L.P. 1187,
Dodoma.

14 Januari, 1996

Mpendwa mdogo wangu Octavian,

Salamu za mwaka mpya zikufikie huko Leeds, wewe na baridi yako. Hujambo? Kifua je? Ulisema unakohoa tangu Oktoba, na Mama hajaacha kulitaja hilo. Sisi huku hatujambo kiasi. Emiliana na watoto ni wazima, Mama naye mzima ila magoti. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa siku tatu, na mtama wa Ihumwa tumeupanda mara mbili.

Barua yako ya Novemba niliipata. Nimekaa nayo mwezi na nusu, na usiwalaumu watu wa posta, safari hii hawana kosa. Kosa ni langu, na barua hii nimeianza mara nne.

Nianze na ule mkanda wa kwanza. Mwezi wa sita, baada ya mazishi ambayo hukuweza kuja, ulituandikia ukisema, "Naomba mnitumie mkanda wa Baba, sina kitu kingine cha kumkumbukia." Tulikaa kikao, mimi, Mama na baba mdogo Thobias, na hakuna aliyewaza kingine ila ule wa kiunoni, wa ngozi, aliopewa alipokuwa reli, wenye bizimu la shaba. Kwetu sisi huo ni wa mtoto wa kwanza, nami nilikuwa nimeuvaa miezi mitatu. Nikauvua. Nilinung'unika, lakini nikauvua, nikampa Sista Ruthu aliyekuwa anakuja huko kusoma, nikarudi nyumbani nimeshikilia suruali na kujiona mtu mwema sana.

Barua yako ya Novemba ndiyo iliyonifumbua macho: kumbe ulitaka mkanda wa video. Ule uliorekodi mwenyewe mwaka tisini na moja, ulipokuja na kamera begani kama mtu aliyebeba gunia: Baba shambani kwenye zabibu, Baba akisimulia alivyosimamisha treni kwa kupunga shati. Ungeongeza maneno mawili tu, ndugu yangu, "wa video". Lakini sikutupii lawama. Sina haki hiyo, na utaona kwa nini.

Unaujua ugonjwa wangu, maana tuliupata pamoja pale Kongwa, kwenye santuri za yule mwalimu wa hesabu. Sasa nina mikanda arobaini na mitatu ndani ya sanduku la bati. Yote ni maonyesho ya zile bendi za roki za enzi zetu, yaliyorekodiwa kwa wizi na watazamaji waliopitisha kamera chini ya makoti. Ni nakala za nakala. Nusu ni chenga za televisheni, nusu ni visogo vya Wazungu, na Emiliana hachoki kuniuliza hao wapiga gitaa wenyewe wako wapi. Mimi nawaona.

Agosti, Erick wa Bunge aliniambia kuna mhandisi mmoja wa visima, mgeni, anao mkanda wa lile onyesho tulilokuwa tunagombania bwenini, ambalo tulilijua kwa kulisoma gazetini tu. Angeniazima Jumatatu, na Jumanne asubuhi anaondoka nao kwenda Kondoa. Nilizunguka madukani, mkanda mtupu haupo. Hata Khamisi fundi hakuwa nao. Ndipo nikaukumbuka wa Baba. Ni wa saa nne, na Baba anaishia kabla ya saa mbili, pale unaposikika ukimwambia umezima. Nikasema nitarekodi baada ya hapo, nani atadhurika?

Kile kidude cha plastiki ambacho kikivunjwa mkanda haurekodiki tena ulikivunja mbele ya macho yangu, ukasema huu usiguswe. Mimi nikaliziba lile tundu kwa selotepu ili urekodike, kama tunavyofanya sisi wenye mikanda. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba sikujua.

Jumamosi niliusogeza hadi mwisho wa Baba, nikauacha kwenye deki. Jumapili Mama akaja baada ya misa, kama kawaida yake, kumwangalia mumewe. Mimi nilikuwa kwa Erick. Alipomaliza akarudisha mwanzo. Nilimfundisha mwenyewe, tena kwa ukali: ukimaliza kuangalia, Mama, rudisha mwanzo. Jumatatu nikatoka kazini mbio, nikaunganisha deki mbili, nikabonyeza. Sikutazama mkanda umesimama wapi.

Na nikuambie yote. Lilipofika lile gitaa, nilisimama nikacheza peke yangu sebuleni. Nilicheza, Octavian, huku Baba anafutika.

Jumatano niliurudisha nimwone Baba kidogo, nikawakuta wenye nywele ndefu shambani kwake. Jumapili Mama akaja na kanga yake ya misa. Nikamwambia deki imeharibika. Imeharibika tangu Agosti hadi leo. Siku moja alimleta Khamisi bila kunishirikisha. Khamisi akaifungua, akaniangalia, akamwambia Mama kuna spea inasubiriwa kutoka Dar. Roho inanisuta. Nimedanganya, na nimemtia mtu mzima mwenzangu kwenye uongo wangu.

Barua yako ilipofika nilijilazimisha kuuangalia ule mkanda mpaka mwisho. Onyesho likaisha, makofi, chenga, halafu ikaja sauti yako: "Basi Baba, nimezima." Hukuwa umezima. Uliiweka kamera mezani ukatoka, nyayo zako zinasikika. Sisi sote huwa tunazima deki tukifika hapo, kwa hiyo hakuna aliyepata kuona kinachofuata. Ni dakika tisa. Uso wa Baba haupo. Kuna kiuno chake, mikono yake, na mkanda ule wa reli ulionao wewe sasa.

Mama anasikika akimwambia akuulize utarudi lini. Baba analegeza mkanda tundu moja, kisha anasema:

"Asiulizwe. Ukimuuliza atadanganya, na mimi sitaki mwanangu anidanganye."

Baada ya hapo ni kikohozi chake na kuku wa jirani.

Nimeyasikiliza mara nyingi. Alikuwa anakusema wewe, lakini aliyeona haya ni mimi. Jumapili hii Mama akitoka misa nitamwambia yote, halafu nitamwekea hizo dakika tisa. Selotepu nimeibandua. Nakala nitakutumia kwa mkono wa Sista Ruthu, aliyekuja likizo, akirudi huko Machi. Ukinikasirikia una haki, ila usiache kuandika, Mama husoma barua zako mara mbili mbili.

Emiliana na watoto wanakusalimu, baba mdogo Thobias pia, na Erick, ambaye hajui alichonisababishia. Mungu akuponye kifua na akutunze ugenini.

Uvae huo mkanda. Tundu lililopanuka ndilo lake, na lile linalofuata ndilo alilolegeza siku ile.

Utarudi lini, sikuulizi.

Kaka yako akupendaye na aliyekukosea,
Ignas